Pazia Mchana Kweupe

Mchana ule kinyozi hakutokea. Muuza maua alimsubiri kwenye kituo cha mabasi, gauni lake la njano limenyooka kwa pasi, simu ikiita bila kupokelewa.

Hapo hapo ndipo walipokutana mara ya kwanza. Watu walisukumana, ndoo ya maua ikamwagikia viatu vya kinyozi. Yeye akavitazama, akasema basi vitachipua. Tangu hapo akamwita Chipukizi, na simu zao zikawa hazikauki. Ila hata joto liwe kali vipi, kinyozi hakuvaa mikono mifupi. Na kila mwezi alipotea kidogo.

Ana mke huyu, muuza maua akajiambia, akaenda kwake akipanda ngazi mbili mbili.

Mlango ulifunguliwa na dada wa kinyozi, aliyemkagua kuanzia juu mpaka chini. "Wifi, umechelewa. Ingia upesi, mwanga usituingilie."

Ndani pazia zito lilikuwa limefungwa. Kinyozi aliketi na miwani ya jua.

"Unamkimbia nani?"

"Jua."

Akakunja mkono wa shati. Mabaka mekundu. Ni saratani ya seli nyeupe za damu, akaeleza, imejitokeza kwenye ngozi. Nani angekubali kunyolewa na mikono ile? Kila mwezi hospitalini, mashine huzitenga seli hizo kutoka kwenye damu yake, hutiwa dawa, humulikwa kwa mwanga maalumu, kisha hurudishwa mwilini. Mabaki ya dawa hufanya jua liwe hatari kwake hadi kesho yake.

"Zinarudi zimekufa?"

"Zinarudi zinatembea, kumbe habari yao imekwisha. Siku zinazofuata zinajimaliza zenyewe. Daktari anasema huenda kinga ya mwili, ikizoa maiti zao, inajifunza kuzitambua mbovu zilizobaki."

"Kwa hiyo ndani yako kuna matanga, na mimi sikualikwa."

Kinyozi akacheka, kisha akaushusha mkono wa shati. "Mabaka ya kifuani yamefifia, Chipukizi. Lakini hakuna aliyeniahidi kupona. Kama unaondoka, ondoka kabla sijakuomba."

"Kuniomba nini?"

"Nikuoe."

Muuza maua akamgeukia yule dada mlangoni.

"Wifi, kuna miwani nyingine?"

Siku za matibabu, sasa hukaa nyuma ya pazia wote wawili.