Kaliandra za Mke wa Fundi

Fundi Randa alikuwa seremala hodari, lakini ubishi wake, mh! Uliushinda ufundi. Kila asubuhi alimlisha ng'ombe wao, akamkamua, kisha akaingia karakanani. Siku hizi maziwa yalikuwa yakipungua. Watoto wao pacha waligombania kikombe kimoja.

"Ni hizi kaliandra zako," alimwambia mkewe. "Ng'ombe anazisusa. Leo nazikata zote!"

Mama Pacha alishtuka. Kaliandra, miti ya malisho, alizipanda mwenyewe kando ya uzio, mbegu kwa mbegu. Sasa zilimpita kimo. Jioni zilichanua maua mekundu yenye nyuzi ndefu laini, na vijani vyake vidogo vikajikunja kulala. Wapita njia walisimama kuzitazama.

"Baba Pacha, nakuomba," alisema. "Tumwite kwanza bwana mifugo."

Bwana mifugo alimkuta Fundi ameshika shoka. Akamtazama ng'ombe, akatazama hori, kisha akatazama paa la karakana. Majani ya kaliandra yalikuwa yameanikwa huko, yamekauka kau.

"Fundi, haya ni ya nini?"

"Chakula cha ng'ombe. Nayaanika siku tatu."

"Kwa nini?"

"Mimi seremala, bwana! Kwetu kibichi hakitumiki. Mbao mbichi hupinda."

"Makubwa!" Mama Pacha akashika kiuno. "Nami nilidhani ni matandiko ya kuku!"

Bwana mifugo alicheka hadi akafuta machozi. "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Fundi, ng'ombe hatengenezi kabati! Kaliandra hulishwa mbichi, mara tu unapoikata. Ikinyauka, haimpendezi wala haimeng'enywi vizuri tumboni. Changanya mafungu mawili ya nyasi na fungu moja la kaliandra. Usizidishe."

"Na shoka langu?"

"Kata matawi kwa kimo cha kiuno. Shina liache, litachipua tena. Matawi yakikauka ni kuni."

Akachimbua mzizi kidogo. Ulikuwa na vinundu vidogo. "Mti huu ni jamaa ya maharage. Kwa vinundu hivi huvuta mbolea kutoka hewani na kurutubisha udongo. Na nyuki hula mauani."

Fundi aliinama, akavigusa. "Mti mmoja, kazi zote hizi?"

"Na uzuri juu yake," mkewe akadakia.

Fundi aliona haya, lakini alifuata maelekezo. Baada ya wiki chache kopo la maziwa lilijaa. Kila pacha alipata kikombe chake, na ugomvi ukaisha.

Jioni moja mteja alikuja kuchukua meza. Akasimama mbele ya uzio, mdomo wazi.

"Fundi, maua yote haya ni yako?"

Mama Pacha alikuwa mlangoni. Alimjua mumewe kwa majivuno, akasubiri kusikia atajibu nini.

"Ya mke wangu," alisema Fundi. "Mimi nilitaka kuyakata."