Hondohondo wa Margareth

Jumapili, saa tano asubuhi, Mzee Bartholomeo alirudi kutoka misa ya pili, akafungua chumba chake cha uani pale Mafiga, akapiga ukelele uliowatoa majirani jikoni. Vioo viwili vya luva vilikuwa vimechomolewa dirishani na kuegemezwa ukutani kwa adabu, utadhani mwizi kaalikwa. Televisheni ipo. Mashine za gemu zote zipo. Kilichoondoka ni kaseti moja ya gemu na flopi zenye programu yake.

“Mwizi gani wa Morogoro anaacha televisheni?” Sajini Ester wa upelelezi alijiuliza alipofika. Swali hilo lilimkaa kichwani, likakataa kutoka.

Chumba chenyewe kilikuwa kituko. Tangu biashara iachwe huria, makontena ya mitumba yalishusha kila aina ya vitu, na humo zilikuja mashine za gemu ambazo wenyewe huko zilikotoka walishazichoka. Basi watu wanne wa mji huu wakazipenda kama wamelogwa, wakaanzisha klabu yao humu chumbani. Kucheza tu hakukuwatosha. Kwenye kompyuta ya klabu waliweka programu inayoigiza mashine hizo za kale, wakaandika gemu zao humo, na iliyokamilika wakaichoma kwenye kaseti ili ichezwe kwenye mashine yenyewe.

Iliyokamilika, kwa kweli, ilikuwa moja tu. Aliiandika Margareth, mwanafunzi wa chuo, kwa miaka miwili. Mwanamke anashuka milima ya Uluguru na mkungu wa ndizi kichwani, mawe yanateleza, ukungu unamfunika, na anatakiwa kufika sokoni Mkuyuni.

“Kesho nilikuwa niionyeshe Dar, afande,” alisema, macho yamemvimba. “Kuna watu wanatafuta waandishi wa programu. Na kwenye kompyuta nayo gemu yangu imefutwa yote. Sina nakala nyingine. Nimekwisha.”

“Nani alishaiona?”

“Hawa watatu tu, jana jioni, kwenye televisheni hii. Kwenye kompyuta niliifunga kwa neno la siri. Sikutaka mtu aione kabla haijaiva.”

Ester akawatazama hao watatu, nao wakatazamana. Siku moja nyuma walikuwa ndugu. Sasa kila mmoja alikaa mbali na mwenzake, na hata chai aliyoileta mke wa mzee ilipoa bila kuguswa.

Chini ya dirisha Ester aliokota bisibisi yenye mpini uliofungwa utepe mwekundu.

“Hiyo ya Kasiani!” Mzee Bartholomeo aliruka. “Fundi televisheni, nani asiyeijua bisibisi yake! Mfunge, afande. Nimemlisha humu ndani, kumbe nafuga nyoka!”

Kasiani, mtu wa Mkuyuni, mpole wa maneno, alisogea mbele. “Shikamoo zangu zote za kila siku, mzee, leo mimi nyoka? Bisibisi ni yangu, sikatai. Jana niliisahau hapo mezani. Wote mliiona.”

“Mwongo!”

“Mzee, subiri,” Ester alisema. Akaenda dirishani, akakunja kibati kinachoshika kioo kwa kidole gumba, akachomoa kioo cha tatu. “Luva hazitaki bisibisi. Fundi ndiye angejua hilo kuliko sisi sote. Hii iliwekwa hapa ili niiokote.”

Sasa Mzee Bartholomeo ndiye aliyeanza kutokwa jasho, maana macho yote yalimhamia yeye mwenye nyumba.

“Msinitazame hivyo! Nijiibie mwenyewe?”

Ili kuyakwepa macho yao, mzee aliwasha mashine moja. Ester akasimama nyuma yake. Namba za juu kwenye picha zilikuwa zimekatwa nusu.

“Mbona hazionekani vizuri?”

“Ndivyo zilivyo televisheni zote, afande,” alijibu Kasiani. “Kingo za picha zinamezwa. Kwenye kompyuta utaona kila kitu.”

Ester akaitika tu. Kisha akawaita uani mmoja mmoja, swali lile lile kwa wote: nisimulie hiyo gemu, na uliiona wapi.

Mzee Bartholomeo alikumbuka mawe, maana yalimwangusha. Kasiani alikumbuka ukungu na ndizi. “Niliiona kwenye televisheni tu,” walisema wote wawili.

Wa mwisho alikuwa Patrick, mwalimu wa hesabu, mwanzilishi wa klabu, ndiye aliyemfundisha Margareth mstari wake wa kwanza wa programu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, na mkoba wake wa ngozi hakuuachia tangu afike.

“Mzigo mzito, mwalimu?”

“Madaftari ya wanafunzi. Nina basi la saa nane, naenda Dar kwa shangazi.”

“Haya, nisimulie gemu.”

Uso wake ukalainika. “Loh, ni kazi, afande! Yule mama, ile milima, na hondohondo, ndege yule wa mdomo mkubwa, anayepita juu kabisa angani. Niliiona jana kwenye televisheni, kama wenzangu.”

Ester akarudi ndani, akamwinamia Margareth. “Kwenye gemu yako kuna hondohondo?”

Binti akashtuka. “Nani kakwambia? Nilimweka juu mno. Kwenye kompyuta alionekana vizuri, nikajisahau. Jana kwenye televisheni hakuonekana hata kidogo. Niliona aibu, nikanyamaza. Nilitaka nimshushe leo.”

“Nani hapa alimwona hondohondo jana?” Ester aliuliza kwa sauti.

Kasiani akatikisa kichwa. Mzee akauliza hondohondo gani. Patrick akatazama televisheni, na ukingo wake wa juu. Mtu aliyefundisha wenzake miaka mingi kwamba televisheni humeza kingo, leo jambo hilo lilimponyoka.

“Fungua mkoba, mwalimu.”

Flopi zilikuwa humo, na kaseti, zimefungwa kwenye taulo.

“Mwalimu!” Margareth alilia. “Wewe?”

“Kila Jumamosi mnaniuliza, mwalimu, gemu yako lini,” Patrick alisema. “Kila Jumamosi nasema bado kidogo. Sina gemu, Margareth. Sijawahi kuwa nayo. Jana walipokupigia makofi niliona wivu hadi nikaumwa. Usiku nikaifungua kwenye kompyuta yangu nyumbani, maana flopi hukuzifunga kwa neno la siri, nikafuta jina lako pale mwanzo, nikaandika langu.”

“Ukaicheza?” Margareth aliuliza.

“Mpaka alfajiri. Nilikuwa naanguka kwenye mawe.”

“Kwa hiyo sokoni hukufika.”

“Sikufika.”

Margareth alichukua flopi, akaiingiza kwenye kompyuta, akacheza mbele yao wote. Vidole vyake havikukosea jiwe hata moja. Hondohondo alipita juu, mwanamke akatua mkungu sokoni, na maandishi yakajitokeza: *Kwa mwalimu wangu Patrick, aliyenionyesha njia.*

Patrick alisoma, akaketi chini sakafuni. Hata Ester, aliyezoea wezi, aliacha pingu mfukoni kwanza, akasubiri amalize kulia.