Wimbo wa Porzia Ulioibiwa kwa Kinapoli

—Basi, basi! Unapiga udi au unachinja paka?

Madona Betta, mama mwenye nyumba, aliziba masikio. Wageni wakaangua kicheko. Veit, mpiga udi kutoka Ujerumani, akashusha chombo chake, uso umemwiva kwa aibu.

—Mama, nimepiga kilichoandikwa. Kwetu hatuchori mistari, tunaandika alama tupu. Wanasema aliyetubunia mwandiko huo alikuwa kipofu, mistari angeipeleka wapi? Lakini vitabu vya Venisi navijua. Mistari sita ni nyuzi sita za udi, namba inaonyesha pa kubonyeza, na mstari wa chini kabisa ndio uzi mwembamba.

—Kaka, usisingizie kitabu changu, alisema Alvise, mtoto wa Madona Betta. Sema vidole vimekushinda!

Siku hiyo Alvise alikuwa anatangaza mawili: uchumba wake na Porzia, binti wa Napoli, na kitabu chake cha kwanza cha muziki, bado kinanuka wino. Porzia alikuwa hajakiona. Alikaa karibu na mkwewe mtarajiwa, anamwonea huruma Mjerumani wa watu.

—Hebu nikione.

—Achana nacho, mpenzi. Kula dagaa, wanapoa, Alvise alidakia haraka.

Haraka hiyo ndiyo iliyomshtua Porzia. Akakinyakua kitabu, akasoma. Ulikuwa wimbo wake. Aliutunga mwaka aliomzika baba yake, akamfundisha Alvise kidole kwa kidole, akijua anamfundisha mume.

—Alvise, nani katunga huu?

—Jina langu si hilo hapo juu?

—Basi nionyeshe sifuri.

—Sifuri gani tena?

—Uzi usiobonyezwa, nyie Venisi mnauandikia sifuri. Sisi Napoli tunauandikia moja. Humu hamna sifuri hata ya dawa! Na mstari wa juu ndio uzi mwembamba, kama kwetu. Mwizi wewe! Umechomoa karatasi sandukuni kwangu ukampelekea mchapaji bila hata kuisoma!

—Mchapaji kakosea...

—Kakosea kwa Kinapoli?

Porzia akachukua udi wa Veit, akaweka kitabu mbele, akaupiga ule ukurasa kwa kuusoma kama wanavyosoma kwao. Hakukosea popote. Madona Betta akashika mdomo.

—Jamani! Si ndio huu mwanangu anaonipigia kila siku, akisema kautunga yeye?

Alvise akamsogelea Porzia, akanong'ona:

—Usinidhalilishe mbele ya watu. Nani angenunua nyimbo za mwanamke? Tukioana, changu si chako?

—Changu umekifanya chako hata kanisani hatujafika! Ukishanioa utanibakizia nini?

—Toleo la pili nitaweka jina lako. Nakuapia!

—Shika adabu yako. Hilo nitalichapisha mwenyewe.

Akavua pete, akaitupa kwenye sahani ya dagaa.

—Mwanangu, na ndoa? Madona Betta aliuliza, machozi yanamlengalenga.

—Mwanao alipenda wimbo, mama. Mimi alikuwa ananivumilia tu.

Akashuka ngazi mbiombio, akapanda mashua, wala hakugeuka. Alvise akakimbilia dirishani.

—Porzia! Porzia! Porzia!

Jina aliloona aibu kuliandika kitabuni, sasa alikuwa analipayuka, mtaa mzima unasikia.