Spiriti Iliyoganda

"Spiriti yangu iko wapi?" Mwalimu wa baiolojia aliuliza, meno yameumana.

Mhudumu wa maabara alimnyooshea chupa. Ndani mlikuwa na barafu tupu.

Wanafunzi walikuwa wameshaponda ndizi, wakatia chumvi na sabuni ya vyombo, wakachuja kwa kitambaa. Ilibaki kumimina spiriti baridi tu, nyuzi za DNA zionekane. Mkaguzi alikaa dawati la mwisho. Kipindi kikiharibika, mwalimu hana kazi, na ndoa aliyopanga kimyakimya na mhudumu huyo ndiyo imekufa.

"Umeiuza ukajaza maji! Mwizi we!"

Darasa zima likasikia.

"Mpenzi, haki ya Mungu..."

"Usiniite mpenzi mbele za watu!"

Mhudumu alitoka mbio na chupa yake. Shule aliiachia darasa la tano, lakini miaka mitatu ya kuosha vyombo vya maabara ilimfunza kwamba spiriti haigandi kwenye friza. Akamwandikia mtunza stoo aliyempa chupa ile jana: "Kaka, ulinipa nini?"

Jibu likaja: "Maji. Acha afukuzwe huyo bwana wako. Ulinikataa, sasa utanikumbuka."

 Akajikokota hadi kwa nesi wa shule.

"Dada, spiriti kidogo tu. Nakufa mwenzio."

"Ipo, ila imeshika joto. Na wewe unakufa na nini, malaria au mwanamume?"

Hakuweza hata kucheka. Akapasua barafu ya ile chupa kwenye beseni, akainyunyizia chumvi, akaizamisha chupa ya spiriti humo. Simu ikalia. Meseji ya mwalimu: "Usirudi. Mimi na wewe basi."

Akarudi hivyohivyo. Aliimimina mwenyewe, polepole, ukingoni mwa glasi.  Kisha nyuzi nyeupe zikapanda, laini kama utando wa buibui. Watoto wakapiga kelele, mkaguzi akaja kuchungulia.

Mwalimu alimfuata mlangoni. Mhudumu akampa simu asome ujumbe wa mtunza stoo. Alipomaliza, uso ulikuwa umemshuka.

"Nisamehe, mama."

"Uliniita mwizi wapi?"

"Ndani."

"Basi mbona unaninong'oneza hapa nje?"

Mwalimu akarudi mbele ya ubao, akapiga goti kwenye sakafu yenye utelezi wa ndizi.

"Jamani, huyu si mwizi. Ni mchumba wangu, na nimemkosea."

Mhudumu akageukia ukuta kwa aibu, akalia kwa sauti.