Salamu Zilizokosea Nyumba

Mwangalizi, roboti wa kutunza wazee, alipiga magoti yake ya mpira, akamkunjia Mzee Mazengo mkono wa shati na kuelekeza sindano ya insulini kwenye ngozi. Mzee akauvuta mkono. Hakuwa na kisukari. Mwenye kisukari alikuwa mzee wa nyumba ya pili, alikotoka Mwangalizi muda huo huo.

Habari ilipofika ofisini kwa wahandisi waliomtengeneza, walipigwa na butwaa. Roboti wa aina yake ndio waliowapikia uji na kuwaogesha wazee wa Dodoma ambao watoto wao wametingwa na kazi. Nyemo, mwanamke mmoja kati ya waliowabuni, alikuwa amemwachia Mwangalizi hata mama yake mzazi.

Alichimba kwenye programu mpaka akaona kosa. Kila nyumba humpa Mwangalizi kidakuzi, alama ndogo ya kumbukumbu inayomwambia yuko kwa nani, amtibu nini, amwambie nini. Akitoka, hupaswa kuiacha mlangoni. Lakini sehemu ya vidakuzi hawakuiandika wao. Waliichukua kwenye maktaba ya programu ya watu wengine, wakaitegemea miaka yote bila kuikagua. Humo mlikuwa na tundu: roboti akielekezwa nyumba nyingine, aliondoka na kidakuzi cha kwanza.

Kiraka cha kuliziba kilikuwa mistari michache tu. Kabla ya jioni roboti wote walikuwa wamekipokea, na wenzake wakampongeza.

Kesho yake mama yake akapiga simu, akaanza kusema kabla Nyemo hajafungua kinywa.

"Nyemo, nimekukosea nini, mwanangu? Leo Mwangalizi kaja kimya. Kila asubuhi nasikia sauti yako kifuani mwake: shikamoo Mama, goti limepoa? Goti halijawahi kuniuma, ila naitikia tu limepoa, usije ukapata wasiwasi huko. Nikajisemea, ni kazi nyingi, kachanganya."

Nyemo hakuwahi kurekodi salamu hata moja. Ile ya goti aliiona jana akiziba tundu, ndani ya kidakuzi cha jirani. Binti wa jirani ndiye aliyemrekodia mama yake, anayeumwa goti. Binti yule alikuwa akimwamkia mama wa Nyemo kila siku bila kujua, na Nyemo ndiye aliyemnyamazisha.

"Shikamoo, Mama," akasema.



"Marahaba," mama akajibu, kama anayemwitikia mgeni. "Hebu mpe Nyemo simu, mwanangu. Nataka kuongea naye."