Kilo za Kabange

Asubuhi moja ya Jumatatu, mwaka wa themanini na nane, Hortense aliwasha kompyuta ya dispensari akakuta namba moja imekaa peke yake kwenye kona ya kioo. Hakuiandika yeye. Alifuta kioo kwa kitambaa akidhani ni uchafu, kwa sababu vumbi la chokaa la machimbo ya Kakontwe huingia mjini Likasi hata kwenye meno ya watu, lakini namba haikutoka. Kesho yake, alipowasha tena, ilikuwa mbili.

Hortense hakuwa mtu wa kutishwa na namba. Alikuwa karani wa dispensari ndogo ya masista, na kazi yake ilikuwa kuandika watoto wa mtaa: jina, chanjo, kilo. Kompyuta ilikuwa zawadi ya wafadhili wa Ulaya, na kwa sababu yake majirani walimsalimia kwa heshima, utadhani anarusha ndege. Wiki moja kabla ya namba ile, posta ilileta bahasha yenye disketi nyeusi, bila jina la mtumaji, na karatasi iliyosema kwamba ndani mna daftari la familia, zuri, la bure. Bure! Nani Likasi aliyewahi kukikataa kitu cha bure? Hortense aliiingiza disketi, na mashine ikaanza kumwuliza kwa Kifaransa, taratibu, kwa adabu zote za mgeni aliyekaribishwa kiti. Jina lako nani? Una watoto wangapi?

Akajibu: wawili.

Na hilo ndilo jibu lililoleta yote, kwa sababu Hortense alikuwa na mtoto mmoja tu aliye hai. Alizaa mapasa, pacha wa kike, Kyungu na Kabange, na surua ilimchukua Kabange akiwa na miaka mitatu. Lakini kwao pacha hasemwi kuwa amekufa. Neno hilo halitamkwi kabisa. Husemwa kwamba alirudi, basi, na mama huendelea kununua magauni mawili na kupakua sahani mbili, na akiulizwa idadi ya watoto hujibu wawili, maana ukimwita mmoja maiti umemfungulia njia na yule aliyebaki. Kwa hiyo aliandika Kyungu, miaka sita, kilo kumi na tisa. Chini yake akaandika Kabange. Mahali pa kilo aliacha nafasi tupu.

Namba ilipofika tisa, chumba kile kilianza kunuka. Likasi watu wamezoea harufu. Upepo ukitoka upande wa viwanda, asidi inakuwasha koo na huulizi. Hii ilikuwa harufu nyingine. Ilikuwa ya uji wa moto na mafuta ya mawese, yale aliyokuwa akimpaka Kabange mgongoni baada ya kuoga, na ilitoka ndani ya mashine, kwenye tundu la disketi. Hortense aliinama kunusa, na mashine ikakwaruza kidogo ndani, kama mtoto anayetafuna karanga. Alifungua ukurasa wa familia yake. Nafasi ya Kabange haikuwa tupu tena. Kilo moja, iliandikwa. Na kwa Kyungu, kumi na nane.

Alimwita muuguzi mkuu, Mama Philomène, mwanamke mnene, mcheshi, ambaye huwatania hata wagonjwa wa sindano. Siku hiyo hakumtania mtu.

"Mama Mapasa, weye njo uliandika hii?"

"Hapana. Minye niliacha vide, tupu."

"Basi ni nani?"

"Sijue, Mama. Sema pole pole. Kama vile inatusikia."

Mchana walimpandisha Kyungu kwenye mizani barazani. Kilo kumi na nane kamili. Siku ya kumi na nne walimpandisha tena, akawa na kumi na saba, na mle ndani Kabange alikuwa na mbili. Mtoto alikula bukari, ugali wa huko, vizuri, hakuhara, hakuwa na homa, damu yake ilipimwa haikuwa na malaria. Alipungua tu. Philomène alijumlisha kwa vidole, mara mbili: ukichukua za huyu na za yule, kila mara ni kumi na tisa.

Waliacha kuwasha mashine. Waliifunika kwa kitambaa cha meza, wakafunga mlango, wakaandika watoto kwa kalamu siku tatu. Siku ya pili umeme wa bwawa la Koni ulikatika kutwa, mtaa mzima ukanyamaza. Siku ya nne Hortense alipofungua mlango alikuta kitambaa kimekunjwa vizuri sakafuni, jinsi anavyozikunja yeye nepi, na mashine inanguruma, na namba imepanda kwa tatu. Basi Philomène akaamuru daftari lile la bure lifutwe. Lilifutwa. Majina ya watoto wote wa mtaa yakapotea pamoja nalo, ikabidi wayarudishe kutoka kwenye disketi za akiba zilizokuwa kabatini, na kwa saa nzima mambo yalikuwa safi, Hortense akacheka, akanywa chai. Kisha harufu ya uji ikarudi. Kabange, kilo nne.

Ndipo wakamtafuta Urbain. Siku za kazi alikuwa fundi wa mitambo kule Koni, na Jumapili aliongoza kikundi cha sala parokiani. Watu walisema amewahi kutoa pepo kwa watu na kutoa kutu kwenye jenereta, na kwamba haoni tofauti kubwa. Alikuja na bisibisi na rozari katika mfuko mmoja. Alikaa mbele ya mashine muda mrefu bila kuigusa, akasikiliza ile tafunatafuna, halafu akamgeukia Hortense, akamwita yaya, yaani dada, na kuzungumza kwa sauti ya chini sana.

"Yaya Hortense, hii haikuvunja mulango. Ilipiga hodi, weye ukaifungulia. Ilipoingia ikatafuta jina yenye haina mwenyewe, ikakuta ya Kabange, ikaivaa. Sasa kila muntu akiiona anasema ni ya nyumba, anaiacha."

"Tuliifuta, Baba Urbain."

"Mulifuta, kisha mukarudisha na disketi zenu. Zile zote ilisha kuzigusa, zote ziko na mayai yake. Tena ilijiandika pale mashine inasoma kwanza wakati inaamuka. Kila asubui, mbele ya kujua jina yake, mashine inasoma jina ya ile shetani."

"Na ile namba?"

"Inahesabu iliamuka mara ngapi. Iko inangojea. Siku kilo ya Kabange itapita ya Kyungu, haitakuwa tena na lazima ya mashine."

Hortense aligeuka akatazama barazani. Aliogopa, na hakuona haya kuogopa. Kyungu wakati huo alikuwa amelala kwenye benchi la barazani akiwa na kilo kumi na mbili, shingo yake imekuwa nyembamba, macho makubwa, anaomba maji kwa sauti ya kikongwe. Mle ndani mwenzake alikuwa na saba.

Urbain alifanya kazi tangu saa mbili asubuhi. Alisafisha mashine mpaka ikawa haijui hata saa ngapi, na kila alipofika mwisho alikuta kitu kimoja kimebaki, mstari mmoja wenye jina la Kabange, usiofutika. Akamwita Hortense.

"Itakuuliza ulizo moja. Weye njo ulijibu mwanzo, weye njo utajibu mwisho. Na kidole yako, yaya, hapana ya muntu mwingine. Umeskia? Minye nitakuwa inje, nachoma disketi zote. Inapashwa kufa huku na kule wakati moja, vile ikose pa kukimbilia."

Alitoka na sanduku la disketi. Kupitia dirishani Hortense alimwona akichochea makaa kwenye jiko la mbabula, Philomène kando yake anasali. Kisha kioo kikaandika, kwa herufi za kijani, polepole, herufi moja moja: Kabange amekufa? Ndiyo au hapana.

Alinyoosha mkono, akaurudisha. Akanyoosha tena, na harufu ya mafuta ya mawese ikamjaa puani mpaka akahisi ule mgongo mdogo wenye joto chini ya kiganja chake, akamwona bibi yake aliyemfunga kinywa kwa mkono siku ile ya surua ili asilie, akasikia ndani ya mashine ile tafunatafuna ikikoma kama mtoto anayengoja kuambiwa kitu na mama yake, na akajua kwamba akisema ndiyo atakuwa amemwua Kabange kwa mara ya pili na kumwonyesha Kyungu njia, na akisema hapana Kyungu atakwisha hapo benchini kilo baada ya kilo mbele ya macho yake, na nje moshi wa plastiki ulikuwa umeanza kupanda, na wakati ulikuwa unakwenda, na ndipo akakumbuka alichowahi kusikia kwa wakubwa, kwamba mama wa mapasa hana ruhusa ya kulitamka neno lile, lakini pacha na pacha hawakatazani kitu.

Alikwenda barazani akambeba Kyungu. Akamkalisha mapajani, akakishika kidole chake cha shahada.

"Gusa hapa, mama yangu. Moja tu."

"Mama, iko baridi."

"Gusa tu."

Kidole kidogo kikabonyeza ndiyo. Mashine ikanyamaza. Namba ikatoka kwenye kona, jina likatoka, harufu ikakatika ghafla, na Kyungu akatetemeka mara moja mapajani mwake kisha akatulia. Urbain aliingia, uso mweusi kwa moshi, akakiangalia kioo kitupu.

"Ulijibu weye mwenyewe?"

"Nilijibu," alisema Hortense, na hakumtazama.

Mtoto akaanza kurudi. Kumi na tatu, kumi na tano. Alikula mpaka akaomba ukoko wa sufuria, na Philomène alimpandisha kwenye mizani kila siku huku akiimba, akirudisha utani wake wote wa akiba. Hortense alilia kwa furaha jikoni, akashukuru, akapakua sahani mbili kama siku zote.

Lakini asubuhi ya kwanza baada ya siku ile, Kyungu alipofumbua macho, kabla ya kusalimu, alitazama kona ya chumba akasema, "Moja." Hortense alidhani ni masomo ya shule. Asubuhi ya pili akasema, "Mbili," kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka. Asubuhi ya tatu Hortense alipanda teksi-basi hadi Koni akiwa bado na kitambaa cha kulalia kichwani, akamwambia Urbain kidole kilikuwa cha nani.

Urbain alivua kofia yake ya kazi. Alikaa chini kwenye ngazi za chuma.

"Mutoto hatuwezi kumufuta kama mashine, yaya," alisema.

Alikuja kusali, mara nyingi alikuja, na mtoto aliitikia sala zote kwa adabu, bila kukosea neno hata moja. Kila asubuhi aliamka, akatazama ile kona, akahesabu. Alinenepa. Alianza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto, mkono wa Kabange, na Hortense akajifanya hakuona, kwa sababu shavu lilikuwa shavu la mwanawe na lilikuwa limejaa tena.

Siku mizani ilipofika kumi na tisa ilikuwa asubuhi ya kumi na tisa. Nyumbani kulinuka uji na mafuta ya mawese, ingawa Hortense hakuwa amenunua mafuta. Alipakua, akaweka sahani mbili mkekani. Mtoto aliitazama ile ya pili, akaisukuma taratibu kwa mkono wa kushoto.

"Mama, hapana kuweka tena hii ingine," alisema. "Kyungu alirudi."