Pumzi Darini

Kilichomshtua mshonaji kwanza ni jasho, tena si lake, la dari. Tone lilidondokea kitambaa cheupe cha mteja likaacha doa la rangi ya chai, na mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwezi uanze.

Mumewe ndiye aliyeleta povu la kuzuia joto. Alichoshwa na joto la mabati, akaita fundi wa kupulizia, na povu likaumuka chini ya paa kama unga uliotiwa hamira, likaziba kila ufa uliokuwa ukipitisha upepo. Nyumba ikapoa kweli. Bwana akatamba mtaa mzima. Kisha ukaja ukungu, ikaja harufu ya nguo zilizovunda, wakaja mchwa na panya, na binti yao Kidosho akaanza kubanwa kifua.

"Panya tu hao, Mama Kidosho," mume alinong'ona, dari ilipoanza kutoa sauti juu ya mtoto aliyelala.

"Panya gani wanapumua? Hebu sikiliza."

Wakasikiliza, mchana kweupe. Kidosho alipovuta pumzi, dari ilishusha. Alipotoa, dari ilivuta, polepole, kwa raha, na kila mara ilivuta zaidi kidogo, mpaka midomo ya mtoto ikaanza kupauka na macho yake yakageukia juu kama anayeitwa.

Kinywa chake kikafunguka, lakini sauti ilikuwa nzito, ya mtu mzima.

"Nilikuwa napita tu na upepo. Mmeziba, mmenipa chumba. Sasa hameni, mniachie huyu."

Mume akarudi nyuma. "Mganga niliyemwendea aliniambia. Alisema tuhame, tusibishane na kitu hiki."

"Tumwache mtoto?"

Mume akainamisha kichwa.

"Basi kaa hapo na aibu yako!"

Mama akatwaa kisu, akapanda juu ya meza ya cherehani, akapenya darini. Povu lilikuwa limelowa. Alikata, akararua, akatupa chini mapande, panya wakimpita miguuni, na katikati ya povu akakuta shimo lenye joto, umbo la mtu aliyekunja magoti, na ubavuni mwake shimo jingine, dogo, la kimo cha Kidosho, ambalo kingo zake zilikuwa bado zinasogea, zinajichimba zenyewe. Woga ukamtoka. Ikabaki hasira.

"Hapumui!" mume alipiga kelele kutoka chini.

"Nikitoka, natoka naye," likasema povu.

"Thubutu! Utatoka peke yako!"

Akalipiga bati teke. Mbao zilikwisha kuoza kwa unyevu, misumari haikushika kitu. Bati likaruka, jua likamwagika ndani, na kitu kizito, kibichi, chenye uvundo, kikampita usoni kikitukana.

Kisha chini, kikohozi. Kisha kilio cha mtoto, kikali, cha kupasua masikio.

"Lia, mwanangu!" mama alifoka, machozi yakimtiririka, kisu kikiendelea kukata. "Lia kwa nguvu! Lia mpaka mtaa mzima uje!"